Mkojo unavuja baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume: pedi, pampasi, kondomu ya mkojo, kibanio au kurudi tena chumba cha upasuaji?

Mpira wa mkojo ukishatolewa, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya tezi dume kuondolewa yote, wanaume wengi hutoka kliniki na pampasi moja waliyovalishwa na nesi. Wakifika duka la dawa la kwanza, wananunua nyingine zinazofanana na ile, pakiti kubwa, na kuendelea nazo miezi. Hapo ndipo fedha nyingi inapopotea. Pampasi inaweza kuwa jibu sahihi kwa usiku mmoja na jibu baya kwa mchana wa kesho yake, na mtu anayevuja vijiko vichache kwa siku hana sababu ya kuvaa kitu kilichotengenezwa kwa mgonjwa wa kitandani.

Makala hii inamhusu aliyeondolewa tezi dume nzima kwa ajili ya saratani. Aliyekwanguliwa tezi iliyovimba bila saratani naye anaweza kuvuja, lakini mara nyingi kwake ni kibofu kinachokurupuka, na kinatulia ndani ya wiki kadhaa. Aliyeondolewa korodani ili kupunguza homoni hapaswi kuvuja kwa sababu ya upasuaji huo. Akivuja, sababu itafutwe kwingine.

Mwanaume ana vizuizi viwili vya mkojo. Cha juu kipo kwenye shingo ya kibofu na kinafanya kazi chenyewe bila wewe kujua. Cha chini ni msuli unaouzunguka mrija wa mkojo chini ya tezi, na huo unaubana kwa hiari. Tezi ikitolewa, kizuizi cha juu huondoka nayo au hudhoofika sana. Msuli wa chini, uliozoea kusaidia tu, unabaki peke yake kazini kutwa nzima. Ndiyo maana unavuja ukisimama, ukikohoa, ukiinua ndoo, na ndiyo maana asubuhi una nafuu kuliko jioni: kufikia saa 10 jioni msuli umechoka. Usiku umelala, hakuna uzito unaokandamiza kibofu, kwa hiyo wengi hukauka usiku kwanza, halafu asubuhi, na jioni huwa ya mwisho.

Pima kabla ya kununua

Kuhesabu pedi hakusaidii sana. Mmoja anabadilisha kila akihisi unyevu, mwingine anasubiri mpaka ining'inie. Wote watasema "nne kwa siku". Tumia mizani ya jikoni ya digitali, ile inayosoma gramu moja moja.

Pima pedi moja kavu, andika. Kuanzia unapoamka mpaka unapoamka kesho yake, kila pedi iliyolowa itie kwenye mfuko mmoja wa nailoni na ufunge mdomo ili isikauke. Mwisho pima mfuko wote, toa uzito wa mfuko, toa uzito wa pedi kavu mara idadi uliyotumia. Mfano: mfuko wote una gramu 340, mfuko mtupu gramu 6, pedi nne za gramu 25 ni gramu 100. Inabaki 234. Gramu 1 ni takriban mililita 1, kwa hiyo umevuja karibu robo lita. Rudia kesho yake, ziwe siku za kawaida, siyo siku uliyoshinda kitandani. Gramu chache za mwisho usizihangaikie, hasa Januari na Februari. Hilo ni jasho la Dar.

Chini ya gramu 200 kwa saa 24 kwa kawaida huitwa kuvuja kidogo, 200 hadi 400 ni wastani, zaidi ya 400 ni kuvuja kwingi. Madaktari hawakubaliani sana juu ya mipaka, lakini mwelekeo una maana kuliko kundi: pima mara moja kila wiki mbili. Namba ikishuka, hata polepole, uko njiani. Wengi huendelea kupata nafuu mpaka mwezi wa 12, na wengine kidogo zaidi hata baada ya hapo. Ikiganda palepale miezi mitatu, huo ni wakati wa kubadilisha mbinu.

Andika pia unavuja lini. Ukikohoa au kuinuka, ni msuli. Ukipata haja ya ghafla na usifike chooni, ni kibofu kinachojikamua. Ukiwa na mkondo mwembamba, unasukuma, halafu yanadondoka matone mfululizo, usinunue chochote kwanza: huenda kovu limebana njia na kibofu kinafurika. Huyo anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo, na pedi hazitamsaidia.

Mazoezi ya nyonga: peke yako au kwa mtaalamu?

Mazoezi haya yana jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1948, na pengine ndiyo sababu wanaume wengi wanadhani ni ya wake zao. Hayagharimu kitu, na hakuna kingine katika ulinganisho huu kinachotibu chanzo bila kisu. Pedi, kondomu na kibanio vinapokea au kuzuia mkojo; havimponyi mtu.

Kwa kufanya nyumbani, lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta uume kuelekea ndani, kama unavyojikunyata maji ya bahari yakikufika kiunoni alfajiri. Korodani zipande kidogo. Tumbo libaki laini, makalio yabaki laini, pumzi iendelee. Kioo kidogo kati ya mapaja kitakuambia ukweli: shina la uume linaingia ndani na korodani zinapanda. Ukiona makalio ndiyo yanayoinuka, unafanya zoezi la makalio.

Shika sekunde 5, pumzika sekunde 10. Mara kumi. Malizia na mibano kumi ya haraka, bana na kuachia. Seti tatu kwa siku: moja umelala, moja umekaa, moja umesimama, kwa sababu kuvuja kwenyewe kunatokea umesimama. Ongeza taratibu mpaka sekunde 10. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: bana kabla ya kikohozi, kabla ya kuinuka kwenye kiti, kabla ya kushuka daladala. Zoezi la kitandani lisipohamia kwenye harakati za siku, gramu hazishuki.

Yanayoharibu ni manne. Kuzuia pumzi na kusukuma chini badala ya kuvuta juu, ambako kunaongeza kuvuja. Kufanya mia tatu kwa siku kwa bidii, halafu kushangaa jioni suruali imelowa. Msuli mdogo umechoshwa. Kukatiza mkojo chooni kila siku kama zoezi. Jaribu mara moja tu kuutambua msuli, basi, kwa sababu ukizoea kibofu hakitamwaga vizuri. Na kuanza wakati mpira ungali ndani: subiri utolewe. Aliye kwenye foleni ya upasuaji aanze wiki nne kabla, maana kujifunza msuli uliopo kwenye mwili usio na kidonda ni rahisi zaidi.

Fiziotherapia, yaani mazoezi kwa kuelekezwa na mtaalamu, ina faida moja kubwa: mtu mwingine anathibitisha kwamba unabana panapotakiwa, kwa kidole, kwa kipimo cha njia ya haja kubwa kinachoonyesha nguvu kwenye skrini, au kwa altrasaundi. Hospitali kubwa za jiji zina idara hiyo, lakini uliza waziwazi kama kuna anayeshughulikia nyonga za wanaume. Mtaalamu wa mgongo na magoti si lazima ajue. Ulipe lini? Kama kioo hakionyeshi kitu, kama wiki sita zimepita na gramu hazijashuka, au kama kubana kunaleta maumivu. Mwenye kioo kinachojibu na namba zinazoshuka aendelee nyumbani. Mashine za kutikisa misuli kwa umeme ningeziweka mwisho wa orodha. Ushahidi wake ni hafifu, na fedha hiyo ni bora ilipe vikao vya kuelekezwa vizuri.

Kuna mambo ya pembeni yanayoshinda nusu ya mazoezi. Kikohozi kikavu cha dawa za presha kama enalapril na captopril kinakufanya uvuje kutwa. Mwombe daktari akuangalie kama losartan inakufaa. Dawa za presha za kukojoza zinywewe asubuhi, zisiachwe bila ruhusa. Sukari iliyopanda hutengeneza mkojo mwingi, na hakuna pedi itakayoshindana nayo. Choo kigumu kinakufanya usukume, na kusukuma kunadhoofisha sakafu hiyo hiyo unayoijenga. Mapapai, mchicha na maharage vina kazi hapa. Usinyanyue kitu kizito wiki sita za kwanza, na ndoo ya lita 20 ni kizito.

Kuhusu maji, wengi wanajinyima ili wasivuje. Dar kwa joto lake, kujinyima kunaleta mkojo mkali unaokichokoza kibofu, choo kigumu na maambukizi. Lita 1.5 hadi 2 kwa siku, nyingi kabla ya magharibi. Kinachopunguzwa ni kahawa ya kijiweni, chai ya rangi vikombe vinne, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Vya kupokea mkojo

Hapa ndipo dukani kuna mkanganyiko. Ukisema tu "naomba za watu wazima", utapewa pampasi. Sema unachotaka:

"Dada, nimefanyiwa upasuaji, mkojo unavuja kidogo. Nahitaji pedi za kiume za mkojo, siyo pampasi."

"Za kiume zimeisha mzee, zipo za kuvaa, saizi ya kati na kubwa."

Jibu hilo utalisikia mara nyingi, kwa hiyo zungukia maduka mawili matatu, na yale ya vifaa vya hospitali Kariakoo na jirani na Muhimbili yana uwezekano mkubwa kuliko duka la mtaani. Anza na pakiti ndogo kuliko zote. Usinunue katoni miezi mitatu ya kwanza hata kama bei ya jumla inavutia. Mwezi wa pili unaweza kuwa unahitaji kitu nusu yake.

Pedi ya kiume ina umbo la kikombe au pembetatu, pana mbele. Inabandikwa kwenye chupi inayobana. Boksa pana haiwezi kuishika. Inazunguka na mkojo unapita pembeni. Uume uelekezwe chini, ndani ya kikombe. Kwa aliye chini ya gramu 200, pedi mbili hadi nne zinatosha siku, na chini ya suruali ya kitambaa haionekani. Udhaifu wake ni mmiminiko wa ghafla: ukisimama na kibofu kimejaa, mkojo unatoka haraka kuliko inavyofyonza.

Pedi ya hedhi ya wanawake ipo kila duka, na kila mwanaume aliyebanwa ameshaifikiria. Imetengenezwa kwa damu, nzito na ya taratibu. Mkojo ni mwepesi na unakuja kwa kasi, unateleza juu yake. Iwe ya dharura tu. Pedi za wanawake za kuvuja mkojo ni kitu tofauti na zinafaa zaidi, ukizisogeza mbele. Na usipange pedi mbili moja juu ya nyingine ukidhani umeongeza nafasi: ya juu ina nailoni chini yake, kwa hiyo ya chini haipati kitu, na mkojo unatoka kwenye mapaja.

Pampasi ya kuvaa kama chupi inafaa kuvuja kwa wastani na usiku wa wiki za kwanza. Ipimwe kwa kiuno na nyonga, siyo kwa unene wa mtu machoni. Kubwa mno inaacha mwanya kwenye paja. Kasoro yake utaijua kwenye choo cha kulipia cha stendi: kuibadilisha lazima uvue viatu na suruali yote, umesimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji. Iliyolowa unaichana pembeni, sawa, lakini mpya lazima ipite miguuni. Pampasi ya vishikizo, ile inayofungwa pembeni, inabadilishwa suruali ikiwa magotini tu, na inabeba zaidi, ila ina joto, inatoa sauti ya nailoni, na kwa anayetembea inalegea. Hiyo ningemwachia mgonjwa wa kitandani au safari ndefu ya basi.

Namba za mililita kwenye pakiti zipunguze. Zinapimwa kwa kuchovya; ukiikalia, inabeba takriban nusu au chini ya hapo kabla haijarudisha unyevu.

Vitambaa vya pamba vilivyokunjwa mara nne hadi sita ni nafuu na havina aibu nyumbani ukiwa na kikoi kiunoni. Vinabaki vimelowa kwenye ngozi, kwa hiyo vibadilishwe kila vikilowa. Wakati wa masika havikauki, andaa vya kutosha siku mbili. Chupi za kufua zenye tabaka la kufyonza ni nzuri kwa matone, lakini ukihitaji tano au sita kwa mzunguko wa kufua, hesabu hiyo ifanye kabla.

Ngozi ndiyo inayolipa gharama ya uchaguzi mbaya. Maji na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mazito au krimu ya zinki safu nyembamba. Ukipaka nyingi, mafuta yanaziba uso wa pedi na haifyonzi tena. Wekundu wenye ukingo na muwasho kwenye kinena kwa kawaida ni fangasi. Krimu ya clotrimazole hufaa, na isipobadilika kwa wiki, onyesha. Pedi iliyotumika isiende chooni wala kwenye shimo. Ikunje kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko wa taka.

Ukitaka kuona vyote kwa jicho moja:

| Kifaa | Kinafaa | Kinashindwa |
|---|---|---|
| Pedi ya kiume | Chini ya gramu 200, kazini, mchana | Mmiminiko wa ghafla, boksa pana |
| Pampasi ya kuvaa | Gramu 200–400, usiku wa mwanzo | Kubadilisha nje ya nyumbani, joto |
| Kondomu ya mkojo | Zaidi ya gramu 400, safari, msiba | Uume mfupi, mafuta, saizi mbaya |
| Kibanio | Saa moja au mbili za shughuli | Usingizini, ganzi, mikono dhaifu |

Kondomu ya mkojo au kibanio?

Hivi viwili watu huvilinganisha kwa sababu vyote vinaweza kukuacha mkavu. Vinafanya kazi kinyume: kondomu inaacha mkojo utoke na kuukusanya kwenye mfuko wa mguuni, kibanio kinauzuia usitoke.

Kondomu ya mkojo si ya ngono iliyofungwa mpira. Hiyo ya kujitengenezea inachomoka au inabana mpaka kuumiza. Ya kweli ina gundi ndani na mdomo wa kuunganishia bomba. Saizi ndiyo kila kitu, kuanzia takriban milimita 25 hadi 41 kwa kipenyo, na hupimwa kwa ukanda maalumu katikati ya uume. Punguza nywele za chini kwa mkasi. Osha, kausha kabisa, usipake mafuta wala poda. Kama hujatahiriwa, ngozi ya mbele ibaki imefunika kichwa. Acha sentimita 1 hadi 2 kati ya ncha na mdomo wa bomba, viringisha, halafu ishike kwa mkono sekunde 10 hadi 15 gundi ishike. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote na umwagwe kabla haujafika theluthi mbili. Mfuko mzito ndio unaoivuta kondomu itoke. Ikifika saa 24, iondoe kwa maji ya uvuguvugu.

Inaposhindwa, sababu ni chache: ndogo inachubua, kubwa inavuja, iliyopinda inarudisha mkojo na kuyeyusha gundi. Baada ya upasuaji huu uume hufupika kwa wengine, na mwenye kitambi anakosa sehemu ya kuishikia; huyo asipoteze fedha kabla ya kujaribu moja. Anayewashwa na kondomu ya mpira wa kawaida (lateksi) atafute ya silikoni. Kwa faida zake, hakuna kinachoishinda kwa safari ya Dar hadi Mbeya au kukesha msibani. Sishauri kuivaa kila siku katika miezi ya mwanzo, kwa sababu kibofu kinachojimwaga muda wote hakijifunzi kujaa, na msuli haupati sababu ya kubana.

Kibanio ni kifaa cha sponji na chuma au plastiki kinachofunga mrija kutoka nje. Kaza mpaka kuvuja kukome, basi. Uume ukibadilika rangi, ukiwa baridi au ukiuma, legeza. Kila baada ya saa mbili kabisa fungua, kojoa, na ukirudisha sogeza mahali. Kamwe usilale nacho. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi asikitumie, kwa sababu hatasikia kidonda kinaanza, wala mtu mwenye kusahau. Na mpira wa kufungia pesa au uzi si mbadala: unakata damu, na tishu inaweza kufa. Kwa kuingia kanisani, kucheza mpira wa maveterani au kikao cha ukoo, kibanio kinampa mtu wa kuvuja kidogo au wastani uhuru ambao pedi haimpi.

Kurudishiwa mpira wa mkojo kwa sababu tu unavuja ni suluhisho baya kuliko yote hapa. Unaleta maambukizi na unalaza msuli. Una sababu zake, kama kushindwa kukojoa, lakini hizo ni za daktari.

Dawa

Solifenacin, oxybutynin na mirabegron hutuliza kibofu kinachokurupuka. Kama unavuja kwa kukohoa na kuinuka, hazitakusaidia, na mbili za kwanza zitakupa kinywa kikavu na choo kigumu. Duloxetine hutumika kwa baadhi ya wanaume wenye msuli dhaifu. Hupunguza kuvuja kidogo, huleta kichefuchefu na usingizi, na haiachwi ghafla. Kununua yoyote kati ya hizi bila kujua aina ya kuvuja kwako ni kubahatisha. Mwenye haja za ghafla aanze na ratiba: kojoa kwa kufuata saa, halafu ongeza dakika 15 kila siku kadhaa mpaka ufike saa mbili na nusu au tatu. Kwenda chooni kila nusu saa "kwa tahadhari" kunafundisha kibofu kudai kikiwa nusu tupu.

Mkanda au kizuizi bandia

Usikimbilie kisu kabla ya miezi 6, na kwa wengi ni busara kufika 12, kwa sababu mwili bado unajirekebisha. Isipokuwa aliye na mamia ya gramu na namba haitikisiki. Huyo aanze mazungumzo mapema.

Mkanda ni kipande cha wavu kinachowekwa chini ya mrija wa mkojo kuuinua na kuukandamiza. Hauna kitufe, hauhitaji kufundishwa. Unamfaa mwenye kuvuja kidogo hadi wastani, ambaye msuli wake bado una uhai na hajapigwa mionzi. Kwa aliyepigwa mionzi matokeo yake ni duni zaidi.

Kizuizi bandia kina sehemu tatu zilizounganishwa kwa mirija na kujazwa maji: pete inayozunguka mrija wa mkojo, puto tumboni, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unaibonyeza pampu; maji yanahama, pete inafunguka, na baada ya dakika chache inajifunga yenyewe. Ndicho chenye nguvu kwa kuvuja kwingi, hata baada ya mionzi. Hakiwashwi siku ya upasuaji, huachwa kama wiki sita kidonda kipone, kwa hiyo utatoka hospitali bado unavuja. Wengi hawaambiwi hilo wakadhani kimefeli. Kinahitaji vidole vinavyofanya kazi na akili inayokumbuka. Kinaweza kuambukizwa, kula mrija, au kuchakaa, na wengi wanahitaji kifanyiwe marekebisho ndani ya miaka kama kumi. Aliyewekewa lazima atembee na kadi: nesi asiyejua akisukuma mpira wa mkojo pete ikiwa imefungwa, ataharibu vyote.

Kabla ya kimojawapo, daktari bingwa ataangalia njia ya mkojo kwa kamera na pengine kupima jinsi kibofu kinavyojaa na kumwaga. Muulize amefanya vingapi vya aina hiyo, na bei ikutajiwe nzima: kifaa, chumba cha upasuaji, kulazwa, kurudi. Wanaokwenda India waulize jambo la ziada kabla ya kupanda ndege, nani hapa Dar atakiwasha na nani atakirekebisha kikigoma.

Kama daktari wa saratani anazungumzia mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa sababu PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imeanza kupanda, mwonyeshe daftari la gramu. Mara nyingine inawezekana kusubiri kidogo mkojo utulie, mara nyingine saratani hairuhusu. Uamuzi huo ni wake na wako pamoja. Usiuahirishe peke yako kwa ajili ya pedi.

Swala, foleni na usiku

Kwa Waislamu, anayetokwa na mkojo bila kukoma ana hukumu ya mwenye udhuru: kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, anajisafisha, anajifunga kitu cha kuzuia, anachukua udhu wakati wa swala ya faradhi ukishaingia, na anaswali bila kuchelewesha. Kila faradhi kwa udhu wake. Kwa hiyo pedi ya kiume inayobadilishwa haraka ni nyepesi kwake kuliko pampasi. Kuinuka kutoka sijda ndiko kunakomwaga wengi: bana kwanza, kisha inuka.

Kimara hadi Kivukoni kwa mwendokasi, pedi moja mpya uondokapo na nyingine kwenye begi zinatosha. Kwa njia zenye foleni isiyotabirika, kojoa kabla ya kutoka hata kama ratiba haijafika, na vaa suruali ya rangi ya giza. Usiku, weka mpira wa godoro chini ya shuka na kitambaa cha kufyonza juu yake. Ukikauka siku saba mfululizo, acha pampasi ya usiku kwanza, kabla ya ya mchana.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukishindwa kukojoa, ukiona mabonge ya damu, homa ikifika nyuzi 38, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Na mpira ukichomoka wenyewe kabla ya siku yake, usikubali zahanati yoyote ikurudishie mwingine kwa nguvu, maana mshono bado mbichi. Mpigie aliyekupasua au rudi kwake.